Gauni la Binti wa Dereva

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la dawa, linatazamana na chumba cha Mama Cherehani. Mwaka juzi gari la mikate lilimgonga binti yake kwenye kivuko cha barabara, akafa palepale, mama akiwa kwenye cherehani yake. Mama hakuwa na nguvu za kwenda mahakamani. Alikwenda kaka yake, akarudi na jina la dereva kwenye karatasi. Wiki iliyopita dereva huyohuyo, bila kumjua, akamletea kitambaa amshonee bintiye gauni la harusi. Mama akaandika jina, akalitambua, akapokea kazi. Tangu hapo kijiwe hakina mada nyingine.

Wakili, ambaye huko mahakamani alikuwa tarishi tu, ndiye aliyeanza:

— Atashonea uzi uliooza. Kila hatua mshono mmoja unaachia. Akifika kwa bwana harusi, kabaki na shela.

Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kasuku, akatikisa kichwa.

— Uzi unakaguliwa, bwana. Dawa ni kitambaa. Likipata jasho gauni linabana. Bibi harusi anaulizwa kama amekubali, pumzi hana, hajibu. Ndoa hakuna.

— Kosa hilo halina kifungu.

— Ndiyo uzuri wake.

— Mimi naona atatia upupu, nikasema.

Wakaniangalia kama mtu asiye na shule. Ukingoni mwa benchi alikaa mgeni aliyekuwa akisubiri suruali yake ipunguzwe. Alikunywa kahawa huku akisikiliza kisa chote.

Mara Mama Cherehani akavuka barabara, utepe wa kupimia shingoni. Profesa akaanza kukagua kitako cha kikombe chake.

— Nawasikia tangu Jumatatu, mama akasema. Hebu sogeeni.

Tukasogea. Akapewa kahawa.

— Nilikusudia kuliharibu, siwafichi. Nikashika mkasi, mikono ikakata vipimo vya mwanangu. Yule binti alipokuja kujaribu, likamkaa sawasawa. Nikalia. Baba yake akauliza kulikoni, nikamwambia mimi ni nani.

— Akasemaje? Wakili akauliza.

— Akakaa sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa.

— Ukamfukuza.

— Nilimwambia gauni halitoki mpaka anisikilize. Kila jioni anakuja, namsimulia mwanangu tangu nilipomzaa. Tumefika darasa la pili, alipomficha paka wa jirani kabatini. Jana akacheka, nikamkataza. Halafu nikacheka mimi.

— Na harusi lini?

— Jumamosi.

— Mama, leo Alhamisi, akasema Profesa. Marehemu alifika miaka kumi na tisa. Kwa mwendo huo bibi harusi atavaa pazia.

— Nitakazana.

Mgeni akaweka kikombe chini.

— Samahani, mama. Mkifika siku ile ya kivukoni, nani atasimulia? Wewe hukuwepo.

Mama akageuka kutazama ng'ambo. Mlangoni kwake dereva alikuwa keshafika, kavua viatu, anasubiri kukaribishwa.