Mzee Kimya na Waya wa Simu Yangu

Juzi wakati wa chai nilibisha mliposema miaka thelathini na mmoja ya kazi ni mingi. Kwetu wa studio hii bado haijatosha. Lakini Ijumaa tarehe sita mwezi huu fundi wetu wa sauti anastaafu, na mimi wa mapokezi nimeombwa niandike habari zake. Aliyenichagua anajua nina wiki saba tu tangu niolewe, kwa hiyo nikizidisha mapenzi humu, lawama ni zake.

Alianza enzi za kanda, akizikata kwa wembe na kuziunga kwa mkono. Kompyuta zilipoingia alijifunza upya, ameketi kando ya vijana aliowafundisha mwenyewe. Tunamwita Mzee Kimya kwa neno analolitoa mlangoni kabla ya kurekodi. Yeye mwenyewe si mkimya hata kidogo. Akianza kusimulia, chai hupoa.

Kwaya na bendi alizozirekodi hazihesabiki. Mimi nina kisa kimoja tu.

Mwaka jana alifika mpiga gitaa mwembamba, mchumba wangu. Shule ya muziki ilitafuta mwalimu, na mwisho wa kupokea rekodi za waombaji ulikuwa saa kumi jioni ile ile. Baba yangu alishasema hapangi tarehe ya harusi na mtu asiye na kazi. Kwake gitaa lilikuwa kelele yenye nyuzi.

Mchumba alileta kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa, akiunganishe na kompyuta kwa USB. Kompyuta haikukiona. Vijana wakazima, wakawasha, wakaweka upya programu yake, wapi. Saa nane ikapita. Mimi pale mapokezi nilikuwa napokea simu za watu huku moyo uko chumba cha pili.

Mzee Kimya aliporudi kutoka kula hakugusa kompyuta. Aliuangalia waya, akasema, “Bwana mdogo, huu ni wa kuchajia tu. Umeme unapita, habari hazipiti. Umemtuma bubu akakupelekee posa.”

Akaja mezani kwangu, akaichomoa simu yangu ikiwa na asilimia sita, akaondoka na waya. Alishaniona nikihamishia picha kwa waya ule, basi alijua unapitisha kila kitu.

Kompyuta ikakiona kisanduku, ila spika zikanyamaza. Mchumba wangu akashika kichwa. Mzee akachomeka hedifoni kwenye kisanduku chenyewe, akamweleza kwamba sasa sauti inapitia huko, kisha akakichagua kwenye programu ya kurekodia. Akatoa neno lake mlangoni. Saa kumi kasoro dakika nane rekodi ikatumwa.

Kazi alipata. Naye ndiye huyu ninayeamka nikimtazama, nikijiuliza nilimpa nani wema nikalipwa hivi.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kuchunguza kabla ya kulaumu. Nenda ukapumzike, masikio yako yasikie mazuri tu. Kabla mwezi huu haujaisha mimi na mwalimu wangu tutabisha hodi kwako, tukae mpaka mama wa nyumbani kwako atuchoke. Baba naye ameomba tufuatane. Anasema shukrani zake hatumi mtu.