Tumbo Langu Halikuwa na Gesi

Siku uvumilivu wangu ulipokatika, daktari alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Ndugu zangu, naanzia hapo hapo, salamu nitazitoa baadaye. Alikuwa amekaa na mimi muda wa kumaliza nusu kikombe cha chai. Akanibonyeza tumbo juu ya shuka, akasema kovu la upasuaji limepona vizuri sana, kilichobaki ni gesi, ninywe maji na nipunguze mawazo. Nikamwomba barua ya rufaa nikaonane na daktari mwingine wa upasuaji. Akasema haiwezekani, haoni sababu. Ndipo akashika kitasa.

Nikashuka kitandani na lile gauni lao lililo wazi mgongoni, nikapita pembeni yake, nikakaa sakafuni mbele ya mlango.

"Hutoki," nikamwambia. "Na mimi sitoki, mpaka uniambie kuna nini humu ndani."

Binti yangu alikuwa kwenye kiti anakula biskuti. Akaacha kutafuna.

Daktari hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliongea taratibu kama mtu anayembembeleza mlevi. "Lakini mama, kila ukija hapa ukiulizwa unaendeleaje, unasema vizuri. Tumeandika hivyo kila mara."

Wakaita mlinzi. Niliondoka kabla hajafika, kwa sababu ya mtoto, siyo kwa sababu ya mlinzi. Kwenye gari nililia mpaka vioo vikaingia ukungu.

Haya, sasa salamu. Walokole, Bwana asifiwe. Dada zangu Waislamu, asalaam aleikum. Mnaniona mbele yenu hapa sebuleni nasoma karatasi kwa sababu nikiongea kutoka kichwani nitatukana, na mwenye nyumba kasema kuna watoto chumba cha pili. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, kwa hiyo msitegemee maneno ya kitaalamu. Na sitaji jina la mtu yeyote. Mtakaojijua, mjijue kimya kimya.

Watoto wangu wote wawili nimewapata kwa kupasuliwa. Wa kwanza sikupata shida. Wa pili, ndiye huyu binti, kidonda cha nje kilifunga vizuri, wauguzi wakanisifia. Ila ndani kulikuwa kama kuna mtu kashona utumbo wangu na ngozi kwa uzi mfupi. Nikinyoosha mkono kuchukua sahani kabatini, uzi unavuta. Nikicheka, unavuta. Nikila wali na maharage, tumbo linajaa kama ngoma na natapika. Nilianza kutembea nimeinama. Nilikuwa nafanya kazi ghalani hapa mjini Mesquite, kupanga maboksi. Msimamizi akaniambia mtu aliyepinda hawezi kubeba, na ukweli alikuwa sahihi. Kazi ikaisha.

Nikampigia mama mkwe.

"Hukufungwa tumbo," akasema. "Nani alikukanda huko Marekani?"

"Nilijikanda mwenyewe, mama. Maji ya moto na taulo."

"Mtu hajikandi mwenyewe, mwanangu. Ndiyo hayo sasa."

Na ninyi hapa, ndugu zangu, nawaambia bila kuwaficha, hamkunisaidia. Kuna sherehe moja nilikuja na lile tumbo langu lililojaa. Mtu akalipapasa mbele za watu, akasema, "Hongera mama! Wa tatu huyo? Si ungepumzika kwanza!" Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikacheka, na kile kicheko kiliniuma mpaka nikaenda kukaa chooni.

Siku moja nikatapika kijani. Mume wangu akanipeleka hospitali, chumba cha dharura. Utumbo ulikuwa umeziba. Wakanipitisha mpira puani mpaka tumboni, wakautoa uchafu. Mliowahi kupitishwa ule mpira mnajua, wengine mshukuru. Katikati ya hayo anakuja mtu ananiuliza nyumbani nakunywa vidonge gani vya maumivu, nani ananipa, na huku anaitazama mikono yangu akitafuta alama za sindano. Mimi! Mtu ninayeogopa hata kuchomwa sindano ya mafua!

Utumbo ulifunguka wenyewe. Daktari wa upasuaji wa pale ndiye wa kwanza kuniambia ukweli. Alisema kidonda cha upasuaji wa uzazi kinapopona kinaweza kuacha makovu ya ndani, kama utando, yakagandisha utumbo na viungo vingine. Alisema hayaonekani vizuri kwenye picha. Nikafurahi, nikadhani sasa nimefika.

"Basi yakate," nikamwambia.

"Sikati," akasema. "Kila tukikata, mwili unaweza kutengeneza mengine. Jifunze kuishi nayo."

Nimtendee haki, hakunidanganya. Lakini mtu anayekwambia uishi nayo, yeye haishi nayo. Kuishi nayo kulikuwa hivi. Uji asubuhi, uji mchana, supu jioni. Kulala nimekaa. Mume wangu akajifunza kusuka nywele za binti, mistari imepinda kama barabara ya shamba, na mtoto anaenda nazo hivyo hivyo. Binti akajifunza kutoomba kubebwa. Hakuna aliyemfundisha. Aliacha tu.

Ndipo nikarudi kwa daktari wangu wa kila siku kuomba rufaa, na mambo ya sakafuni mmeshayasikia.

Habari ya sakafuni ilisafiri. Sijui nani aliisafirisha, na leo simuulizi. Ikafika kwa dada mmoja Mkenya, muuguzi, anakaa Pearland kule Houston. Yuko kwenye kundi letu la simu lakini tulikuwa hatujawahi kuonana. Akanipigia.

"Uko aje?"

"Nzuri dada, za huko?"

"Nzuri gani na nimesikia umekalia sakafu ya daktari?"

Nikafunga mlango wa chumba ili mtoto asisikie.

"Niambie ukweli. Ukienda huko kliniki, muuguzi akikuuliza uko aje, unamjibu nini?"

"Namjibu nzuri. Halafu nasubiri aniulize."

"Akuulize nini tena? Ashakuuliza!"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu akikuuliza hujambo unasema sijambo, hata kama umetoka kuzika. Habari za nyumbani, nzuri. Za watoto, nzuri. Mkishamaliza ndipo unasema, ila huyu mdogo ana homa. Hiyo ni adabu, tumelelewa nayo, na siombi msamaha kwa adabu. Mimi nilikuwa najibu salamu na kungoja swali la pili. Wao walikuwa wameshaandika jibu na kugeukia kompyuta. Swali la pili huku halipo. Na kwetu tena mgonjwa hajisemei. Anasindikizwa, anakaa pale ameinamisha kichwa, mama yake au shangazi ndiye anayemweleza daktari alitapika nini na lini. Mimi nilikuwa naenda na mtoto wa miaka mitatu.

Dada yule akapiga simu kwa kampuni ya bima yangu nikiwa kwenye laini. Akauliza swali moja tu, kama rufaa ni lazima. Wakasema hapana. Bima yangu inaruhusu kwenda kwa daktari yeyote aliye kwenye mpango. Miezi yote ile nilikuwa nabembeleza barua ambayo sikuihitaji, na mtu aliyekuwa akininyima wala hakuwa na cha kuninyima!

"Kuja Houston," dada akasema. "Kuja na mzee wako. Na ukisema nzuri mbele ya daktari, nitakufinya."

Mume wangu aliendesha, mimi nimelala kiti cha nyuma, nahesabu matuta ya barabara kwa tumbo. Daktari bingwa wa Houston alikuwa mwanamke, mtu mzima. Akaingia, akaniuliza ninaendeleaje leo. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikafinywa. Alama ilikaa wiki.

"Daktari, huyu hasemi," dada akasema. "Mimi ndiyo nitasema." Akasema. Uji, mpira wa puani, kulala umekaa, kazi iliyopotea, kila kitu, kama shangazi yangu wa kuzaliwa. Mimi nimeinamisha kichwa. Mume wangu analia.

Daktari akaniambia nisimame. Akaniambia ninyooshe mikono juu. Nikaishia usawa wa masikio. Hakuna aliyewahi kuniomba hivyo.

Msidhani alikimbilia kisu. Naye hakutaka. "Nikikufungua yanaweza kurudi," akasema. "Ninaweza kutoboa utumbo. Unaweza kuamka na mfuko wa choo umebandikwa tumboni, na usiwe wa muda."

"Na usiponifungua?"

Akaweka kalamu mezani. "Utumbo unaweza kuziba tena usifunguke. Hapo tutakupasua kwa haraka, na hatari itakuwa kubwa kuliko sasa."

Akaniambia niende nikafikirie. Nikamwambia, daktari, nilianza kufikiri mwanangu akiwa hajaota meno. Akamtazama mume wangu, akamtazama dada, akanitazama mimi. Akasema, "Tutafanya. Lakini sikuahidi kitu."

Nilipozinduka, kitu cha kwanza nilipeleka mkono tumboni kutafuta mfuko. Hakukuwa na mfuko. Daktari akanionyesha picha alizopiga ndani. Utumbo ulikuwa umegandia ukuta wa tumbo kama ugali ulioungulia sufuria. Kibofu kimevutwa juu kimeshikana na mji wa mimba. "Ulikuwa unatembeaje?" akaniuliza. Nikalia kwa hasira, siyo kwa furaha, na mniache hivyo hivyo.

Sikuja kuwadanganya kwamba nimepona kabisa. Maharage bado siyawezi. Zipo siku uzi unavuta kidogo na naogopa, kwa sababu yanaweza kurudi. Lakini nanyooka. Nakula wali. Nilipomnyanyua binti yangu mara ya kwanza, alikakamaa kama ubao, akaniambia kwa Kiingereza chake nimshushe, tumbo litauma. Ilichukua muda kabla hajaniwekea kichwa begani. Hilo nalo nani atanilipa?

Nawashukuru. Dada wa Pearland, uko kwenye simu unanisikiliza, Mungu akutunze wewe na kucha zako. Mlioleta supu na kuacha mlangoni bila kugonga, ahsanteni, mlijua sitaki kuonekana. Mume wangu, ahsante kwa mistari iliyopinda. Na aliyenipongeza ujauzito, nimekusamehe nusu, nusu nyingine naifanyia kazi.

Somo langu ni dogo. Sisemi kila mwenye maumivu akapasuliwe, maana kisu ndicho kilichonianzishia. Nasema msiende peke yenu. Humu ndani tuna wauguzi wengi kuliko viti. Mwenzako akiwa na miadi, nenda naye ukamsemee.

Wengine mmeniambia nimwachie Mungu. Ya Mungu nimemwachia. Haya ni yangu, na nimeyapeleka kwa uongozi wa ile kliniki na kwa bodi ya jimbo inayosimamia madaktari. Niliyaandika kwa Kiingereza, nawafasiria nilivyoandika:

"Mimi ni mgonjwa wenu wa zamani. Ninamlalamikia daktari aliyenitibu kwenu. Simlalamikii kwa kukataa kunipasua. Madaktari wengine nao walisita, na walinieleza sababu. Ninalalamikia mambo yasiyohitaji kisu. Hakuwahi kuuliza ninakula nini. Siku nilipojikaza nikamwambia natapika, aliandika kwamba nina wasiwasi. Nilipotoka hospitali nilikolazwa kwa utumbo kuziba, aliandika nichunguzwe kama natumia dawa za kulevya, na hakuniambia, nilikuja kuyasoma mwenyewe kwenye faili langu. Nilipoomba rufaa alininyima, na hakunieleza kwamba sikuihitaji. Nimeambatisha picha za utumbo wangu zilizopigwa wakati wa upasuaji. Naomba azitazame zote, siyo ya kwanza tu. Siombi pesa. Nataka anijibu yeye mwenyewe, kwa maandishi, nisijibiwe na ofisi. Msipojibu nitaandika tena. Jina langu kamili na saini yangu viko hapa chini."