Mashine Haina Msimu

Ndugu zangu, baada ya salamu: mmeniomba niseme kwa sababu vijana wetu wanarudi kutoka Tanga wamezoea mashine za kamari. Nitasema, ingawa niliyemuumiza yumo humu, upande wa kina mama, ananisikia.

Miaka ya mwisho ya Mwingereza, duka moja pale Wete liliweka mashine. Unatia sumni, ile sarafu ya senti hamsini, unavuta mkono, magurudumu yenye picha yanazunguka. Picha zikifanana, inatema fedha. Mimi nilikuwa na elimu ya sekondari, nikadhani naielewa. Nikaifanya mkarafuu! Si tunajua: mkarafuu ukinyima mwaka huu, mwakani huzaa mpaka matawi yakainama. Basi kila ikinila nilijipa moyo: "Inakusanya." Ikala mbuzi. Ikala baiskeli.

Msimu ulipofika, mke wangu akachuma mikarafuu aliyorithi kwa baba yake, akaanika.

"Bwana, nakwenda msibani. Kaa na majamvi haya. Ukiyaacha, mimi sikai tena hapa."

Nikakaa. Jirani akapita: "Leo mashine imewanyima watu tangu asubuhi!" Nawaambia, miguu ilinyanyuka yenyewe.

Nilitia mpaka mfuko ukawa mtupu. Bado sikuondoka; nilisimama kuilinda. Baharia mmoja akatia sumni moja tu, fedha zikamwagika.

Nikapiga kelele, "Hizo zangu!"

"Kwani ulizipanda wewe?" Duka zima likacheka.

Hapo nikafahamu. Magurudumu yale hayakumbuki yamemla nani. Kila mvuto ni mpya, na mashine imetengenezwa ili mwenyewe abaki na faida. Nje, mvua ilikuwa inapiga.

Nilikimbia. Karafuu zilikuwa zinaelea uani. Zikawa mpeta, zimeharibika kwa maji, hazina mnunuzi. Mke wangu aliporudi aliokota moja, akainusa.

"Mikarafuu ya baba imezaa. Wewe ndiye uliyeninyima."

Akaenda kwao Vitongoji. Nilitamani kufa, wallahi.

Aliyekuja ni shemeji yangu. Hakunitukana. "Msimu ujao nitakaa nawe jamvini." Akakaa, toka kuanika hadi kuanua. Mungu amrehemu. Ndipo dada yake akakubali kurudi.

Dini imeshatukataza. Lakini asiyesikia, basi atie kile ambacho hangekililia kikianguka baharini, na kikiisha aondoke, asisubiri kurudishiwa. Mimi hata hilo siliwezi.

Tangu hapo, kila akianika, mke wangu alikuwa akitoka kutazama kama nipo jamvini. Mwaka jana, baada ya umri wote huu, alianika, akaniachia majamvi, akaingia ndani, akalala.