Kwaheri, Fundi wa Tundu Lisilo la Kidole

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana iliyo nyuma ya kaunta ya viatu ya ukumbi wetu wa boling, Fundi wetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu na bado siiamini. Sote tulijua amebakiza miaka miwili. Jumatatu akaja kwenye kaunta yangu, akasema mwisho wa mwezi anaondoka, kisha akauliza sukari iko wapi. Jamani! Habari ya namna hiyo mtu anaitoa akiwa na kikombe mkononi? Meneja alikaa kwenye sanduku la viatu bila kuangalia, na sanduku likabonyea naye.

Aliingia ukumbini hapa kama fundi wa mashine za kusimamisha pini. Miaka miwili baadaye akapewa keekee, ile mashine ya kutobolea, na kazi ya kutoboa matufe, na hapo ndipo tulipompata hasa. Mgeni akidhani tufe la boling ni matundu matatu tu, Fundi alimkalisha chini. Ndani ya tufe mna kiini kizito, na kiini hicho si duara. Ukitoboa tundu la nne, lisilo la kidole chochote, unapunguza uzito upande mmoja na tufe linabadili tabia. Litoboe karibu na vidole, tufe linapoa. Lisogeze mbali ubavuni, chini kuelekea upande wa gumba, nalo linakwenda kimya kimya kisha linakata kona kwa hasira. Sentimita chache tu, na mtu aliyekuwa anaangusha pini nne anaanza kutembea kifua mbele.

Alikosea mara moja, na hatukumsamehe. Meneja na mkewe walileta matufe mawili ya rangi moja. La meneja lilitakiwa kuwa kali, la mkewe liwe pole, kwa sababu lilikuwa likipenda sana kuingia mtaroni, pembeni mwa njia. Fundi akachanganya matundu ya uzito, yaani yale ya nne, la huyu akampa yule. Jioni hiyo tufe la meneja lilikwenda kama ng'ombe aliyeshiba, na la mama likakata kona na kuzoa pini zote. Meneja alitaka lirekebishwe kesho yake. Mama alilifungia tufe lake kwenye buti la gari na ufunguo akatia mfukoni.

Lakini tufe lililotutoa jasho ni la shemeji yetu, mke wa Fundi, nguzo ya timu yetu ya wanawake. Miaka sita iliyopita aliteleza hapa hapa kwetu, akavunjika kiwiko cha mkono, yaani pale mkono unapokutana na kiganja. Mfupa uliunga, ila mkono haukukubali tena kuzungusha tufe. Fundi akamtobolea tundu la uzito chini kabisa ubavuni, na kona ambayo mkono haukuweza kuitoa, tufe likaitoa lenyewe. Shemeji akarudi kucheza.

Mwezi uliopita tukaletewa sheria mpya ya ligi: kila tundu liwe la kidole, lililobaki lizibwe. Zilibaki siku tisa kufika fainali. Fundi akaliziba lile tundu mbele yetu. Shemeji akarusha. Tufe likanyooka kama rula mpaka mwisho, likagonga pini mbili. Akarusha tena, vilevile. Akakaa, akafungua kamba za viatu, akasema mchezo umemshinda na timu itafute mwingine. Nilivipokea viatu vile kwenye kaunta nikiwa nimeduwaa, maana hakuna aliyewahi kumsikia akisema kitu kimemshinda.

Kesho yake Fundi aliziba matundu yote. Yote! Tufe likabaki duara tupu kama tikiti, na fainali ipo mlangoni. Tulishika vichwa. Kisha akamwita mkewe, wakajifungia karakanani. Kupitia ukuta tulimsikia shemeji akisema bado, bado, nimesema bado, na mashine ikinguruma kila baada ya neno. Sisi, kwa umbea wetu, tukajua ndoa inavunjika.

Walipotoka, tufe lilikuwa na matundu matatu halali, lakini nembo yake, ambayo hukaa juu karibu na vidole, imelala ubavuni kama iliyolewa. Fundi alikuwa ameligeuza tufe hadi tundu la gumba likaangukia palepale uzito ulipotakiwa kutoka. Tundu la kidole lilikuwa linafanya kazi ya lile lililokatazwa.

Fainali ikafika kwenye mrusho wa mwisho wa shemeji, na zilitakiwa pini zote. Tufe likaambaa na ukingo wa mtaro. Meneja akafumba macho. Nami nilishasema limekwisha, likakata kona! Hakuna pini iliyobaki imesimama. Nilipiga yowe hadi sauti ikakauka, na Fundi aliyekuwa nyuma yangu akajifuta macho kwa kile kitambaa chake cha mafuta.

Sasa rudini kwenye ile sukari ya Jumatatu. Tulipombana atuambie kwa nini anaondoka mapema, alinyoosha gumba lake la kulia juu ya kaunta, akasema hilo limetangulia kustaafu. Mtetemo wa keekee umelifisha ganzi. Miaka yote alimalizia kila tundu kwa kupitisha gumba hilo ukingoni, na sasa halimwambii chochote. Tufe la fainali lilipimwa na gumba la mkewe. Zile "bado" zilikuwa zake: bado panakwaruza, bado panabana. Fundi akasema hataki kungoja siku atakayomchana mteja kidole bila kujua. Shemeji alikuwa amesimama pembeni, ameshika mkono ule wa mumewe kwa mkono wake uliovunjika.

Asante, Fundi, kwa kila tundu, likiwemo la mke wa meneja. Shemeji amekataa kustaafu nawe, kwa hiyo mazoezi ya Alhamisi yako palepale, na kiti nyuma ya njia yake ni chako. Maisha yakunyookee, isipokuwa pale penye kona, na tunajua utakuwa na nani wa kukuambia bado.