Fundi Nukta Anastaafu Akiwa Kwenye Kiti Chake

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, Fundi Nukta atafunga droo yake ya vibano kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia karakana yetu ya saa kwa miaka thelathini na minne. Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kuwa mgema wetu anaondoka na hana tena nafasi ya kututilia maji, tumsifu bila woga.

Aliajiriwa kufuta vioo vya makabati. Mchana mmoja fundi mkuu wa enzi hizo, mzee mkali asiyecheka hata na mkewe, alimkuta amefungua saa ya mkononi wakati wenzake wanakula. Alikuwa tayari kumfukuza, mpaka alipoona skrubu zimepangwa juu ya kitambaa kwa mfuatano uleule zilivyotoka. Akamwamuru avute kiti. Binti akavuta, na kazi ya vioo ikatafutiwa mtu mwingine.

Jina la Nukta alipewa na mteja aliyekuja kudai saa yake akisema inachelewa nukta chache tu kwa siku, si neno. Fundi alikataa kumrudishia mpaka airekebishe. Mteja akatoka akinung'unika, “Huyu mama na nukta zake!” na jina likaganda palepale. Siku hizi hata wajukuu wanamwita Bibi Nukta.

Wageni wa karakana wanaijua pia amri yake. Kipande cha saa kikianguka sakafuni, yeye husema “Ganda!” na kila mtu huganda alivyo, mkubwa kwa mdogo, maana hatua moja yaweza kukisaga. Meneja wetu aliwahi kugandishwa mguu mmoja ukiwa juu, kikombe cha chai mkononi, huku sisi tukitambaa chini kwa magoti. Skrubu ilikutwa kwenye pindo la suruali yake. Tulicheka mpaka hatukuwa na mbavu, naye alicheka pia, baada ya kuruhusiwa kushusha mguu.

Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari alisema ni umri. Meneja, kwa nia njema kabisa, alimhamishia kaunta ya mbele auze betri na mikanda mpaka siku yake ya kustaafu ifike. Hakugombana na mtu. Ila sisi tuliozoea kumsikia akiimba kazini tuliona amekuwa kimya, na kimya hicho kilituuma. Mumewe alitudokezea maneno aliyokuwa akiyasema nyumbani: “Niliingia pale nikifuta vioo. Sasa nitoke nikifuta vioo?”

Ndipo akaja dereva wa gari la wagonjwa na saa ya mkononi ya marehemu mama yake. Mama huyo alikuwa mkunga, na kwa saa hiyo ndogo ya kutia ufunguo alihesabu mapigo ya moyo ya watoto wachanga wasio na idadi. Mafundi watatu walikuwa wameikataa. Mmoja kabla ya kuikataa aliimiminia mafuta ya cherehani, yakaganda humo ndani kama uji wa jana. Kibaya zaidi, mhimili wa gurudumu linalopiga, mwembamba kuliko sindano, ulikuwa umekatika. Kiwanda chake kilifungwa zamani, na vipuri hakuna. Fundi Nukta alipaswa kusema samahani na kumuuzia mkanda. Badala yake alisema, “Niachie, mwanangu.”

Meneja alishuka ngazi akiwa amewaka. Saa ile ikiharibika hakuna nyingine, na jina letu litaharibika nayo. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kitu kimoja tu: kiti chake. Saa ikipiga, astaafu akiwa amekikalia. Ikishindikana, atamweleza mwenyewe mwana wa mkunga, na atarudi kwenye mikanda bila kufungua mdomo. Meneja alikubali, uso wake kama wa mtu aliyemeza ndimu.

Kazi ilianza vizuri. Aliifungua, akaviloweka vipande kwenye petroli, akaondoa ule uji na kutu yote. Ukabaki mhimili, ambao ilibidi aukereze upya kutoka kipande cha chuma. Hapo ndipo sisi, kwa mapenzi yetu, nusura tumharibie. Mhasibu alitoa wazo kwamba kelele zinamtetemesha, nasi sote tukaona amenena. Tukazima redio. Tukazima feni. Kisha, kwa kuwa sisi ni watu wa saa na tunajua wapi kelele zinakaa, tukazisimamisha saa zote za ukutani. Karakana ikawa kimya kama chumba cha mtihani. Mhimili wa kwanza ukakatika. Wa pili ukakatika mapema zaidi. Chuma kilichofaa kikabaki kipande kimoja.

Fundi aliweka chini kifaa chake, akatazama kuta. “Nani ameziua saa zangu?” Mhasibu alijifanya anatafuta kalamu. Ndipo akatueleza jambo ambalo hata mimi niliyekaa naye meza kwa meza sikulijua. Tangu ujana wake hukata chuma katikati ya tik na tak za saa kubwa ya mlangoni. Saa ikilia mkono hupumzika, ikinyamaza mkono hukata. Kule kaunta hakuna saa inayolia, na huku tumeziua zote. Mkono umekosa mlio wa kuufuata.

Tuliitungua saa kubwa, watu wawili, tukaiweka kando ya meza yake na kuiwasha. Mkono haukuacha kutetemeka. Lakini ulitetemeka saa inapolia, na inaponyamaza ukatulia kiasi cha kukata. Tuliukodolea macho, na safari hii hakuna aliyethubutu kusaidia. Hatukuambiwa kazi imekwisha. Tulisikia tu anaimba, na tulipoinama juu ya meza, gurudumu la mkunga lilikuwa likienda na kurudi. Jungu kuu halikosi ukoko.

Dereva alipokuja kuichukua saa aliiweka sikioni, akakaa kwenye benchi la wateja akalia bila kujificha. Meneja alimwomba radhi fundi mbele yetu sote, na mikanda tangu siku hiyo inauzwa na mhasibu.

Fundi Nukta, ahsante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutuvumilia tulipokusaidia vibaya. Mumeo na wajukuu wakufaidi sasa. Mwana wa mkunga ameomba akurudishe nyumbani Ijumaa kwa gari lake, king'ora kikilia njia nzima. Tumemkatalia. Gari lile ni la wagonjwa, na wewe unatoka hapa mzima, tena fundi. Nenda salama, mama, na maisha yakutendee mema.