Micah Kosgei, Mtu wa Kufagia Kabla ya Kusukuma Gari

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Mzee Micah Kiplimo Kosgei anavua ovaroli yake ya buluu katika karakana ya magari ya chuo chetu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Aliingia mwaka wa 1992 akiwa msaidizi wa fundi na anatoka akiwa fundi mkuu. Katika miaka hiyo yote hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyetolewa katika karakana yake akiwa amebebwa. Tafadhali isome sentensi hiyo tena, ukikumbuka kwamba mle ndani kila siku mna magari yasiyo na magurudumu na vijana wa miaka kumi na tisa wenye haraka zao.

Mimi ni Abby Wachuka wa stoo. Kwa miaka kumi na sita nimempa Mzee vifaa na kumdai avirudishe, na tumegombana vya kutosha, hasa juu ya stendi za kushikilia gari ambazo hapendi zilale kwangu. Kamati ya sherehe ya kumuaga ilitaka wasifu huu wa programu uandikwe na mkuu wa idara. Nilikataa katakata. Nina ndugu mmoja tu duniani, Hiram, na bila Mzee Micah nisingekuwa naye leo. Kwa hivyo kalamu niliidai mimi, na ole wake atakayeipunguza insha yangu.

Wanafunzi wanamwita Mzee Fagia. Asubuhi wanampigia salamu ya "sasa, Mzee!" na jibu lake ni moja tu, miaka nenda miaka rudi: "Fagia kwanza." Wageni hudhani ni mambo ya usafi. Sivyo. Gari lisilo na magurudumu husogezwa juu ya vigari vinne vya chini, kimoja kila pembe, vyenye vijigurudumu vidogo vya chuma. Nati moja tu ikibaki sakafuni, kigari kinakwama, gari linaruka, na aliyekuwa karibu anajuta. Ndiyo maana kifaa cha kwanza anachochukua stoo ni ufagio, na huo hajawahi kunirudishia ukiwa na nywele zote.

Vigari hivyo alivibuni mwenyewe mwaka wa 1998, kwa vyuma vya vitanda vya wagonjwa vilivyouzwa kama chakavu. Juu ya kila kimoja aliweka kipande cha mti mgumu, akakichonga shimo ili ekseli ilale ndani isiteleze. Leo tuna seti tano, na hakuna iliyowahi kumwangusha. Jumamosi nyingi utamkuta amezibeba kwa pikapu hadi mitaa ya hapa Nakuru kama Free Area au Section 58, kwa watu walioanza kutengeneza gari nyumbani, wakauza magurudumu, kisha wakashindwa kulisogeza hata hatua moja. Analipwa chai na mkate. Akipewa zaidi anauliza kama wameshindwa kununua stendi.

Basi sasa nifike kwetu, Kiamunyi.

Marehemu baba alituachia Peugeot 504. Hiram aliapa kuifufua. Aliitoa magurudumu, akaiweka juu ya mawe katika gereji ya nyumbani, na kila mwaka akatuahidi kwamba Pasaka tutaenda nayo kanisani. Pasaka nne zilipita. Mwaka jana mvua ya masika ilipozidi, bati la gereji likaanza kuvuja upande wa nyuma, na ikabidi gari lihamishwe hadi upande wa pili ili bati litengenezwe. Nilimwomba Mzee Micah aje na vigari vyake Jumamosi moja ya Mei.

Mawe yenyewe mnayajua. Ni yale ya kijivu ya kujengea, ya machimbo ya huku kwetu. Kila mtu aliyejenga Nakuru ana mengine yamebaki nyuma ya nyumba, na kila mwenye gari bovu ameliweka juu yake. Ukutani yako imara, kwa sababu uzito umetandazwa. Lakini ekseli inakaa juu ya jiwe mahali padogo kama kiganja. Jiwe hilo ni laini, linakunywa maji, na likishakunywa linamomonyoka ndani kwa ndani, nje likionekana zima. Haya yote nayajua leo. Siku ile sikujua chochote, wala Hiram hakujua.

Mzee alifika saa nne asubuhi. Alitukuta tumemtangulia, maana ndugu yangu hana subira. Hiram alikuwa amelala chali chini ya gari, kifua chini ya ekseli ya nyuma, akifungua ekzosi ili isikwaruze sakafu. Tulikuwa tumefagia nusu saa kabla, tena kwa fahari, tukijua mgeni wetu ni nani. Mzee akashika ufagio wake hata hivyo. Akafika gurudumu la nyuma kushoto, yaani pale gurudumu lilipopaswa kuwa, akasimama. Chini ya jiwe palikuwa na unga wa kijivu, kiasi cha kijiko kimoja, na mahali hapo tulikuwa tumepafagia, maana yake unga huo ulikuwa umeanguka sasa hivi.

Mimi ningepiga kelele. Wallahi ningepiga kelele mpaka majirani waje! Yeye hakupandisha sauti hata kidogo. Alimwambia Hiram, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi mezani, kwamba haoni vizuri, atoke kidogo amwonyeshe swichi ya taa iko wapi. Hiram akanung'unika kwamba imebaki nati moja. Mzee akasema nati itangoja, ila asishike gari akitoka, kwa sababu ana grisi mikononi na rangi itaharibika. Rangi gani, jamani? Gari lile lilikuwa kutu tupu. Hiram akajiburuta nje kwa visigino na mgongo, mikono kifuani, bila kuligusa.

Baadaye Mzee alinieleza. Mtu akiambiwa yuko hatarini chini ya gari, kitu cha kwanza anachofanya ni kulishika ili ajivute. Alifikiria hayo yote kwa muda ambao mimi bado nilikuwa nimeshika sinia la chai.

Alimsogeza Hiram mpaka mlangoni na kunisogeza mimi pia. Akachukua boriti ndefu, akasimama mbali, akaligusa buti la gari kwa ncha yake, taratibu tu. Jiwe likapasuka na kuwa mchanga. Sehemu yote ya nyuma ikashuka kwa kishindo mpaka kikombe kikaanguka kwenye sinia, na ekseli ikalala sakafuni, pale pale kifua cha ndugu yangu kilipokuwa. Spana ya Hiram iliminywa chini ya ekseli. Hiram aliketi chini kwenye matope.

Mzee Micah alingoja vumbi litulie, akafagia upya, kisha akaanza kazi. Alizuia mbele kwa kabari na kuweka ubao mnene chini ya jeki. Aliinua upande mmoja kidogo, akaweka stendi, akalitikisa gari kabla ya kuliamini, ndipo akaenda upande wa pili. Alifunga kamba kwenye nguzo, kwa sababu sakafu yetu inateremka kuelekea mlangoni. Mkono wa mtu haukuingia chini hata mara moja, na sauti ya kuamuru ilikuwa yake peke yake. Gari lilipokalia vigari vyote vinne, aliniita mimi, mtu wa stoo, akaniambia nisukume. Nilisukuma kwa mikono miwili. Chuma cha zaidi ya tani moja kikaenda kimya kama kitanda cha mtoto, na mimi nikalia mbele ya watu bila aibu. Nilikuwa nimempa yule mtu ufagio kwa miaka kumi na mitano bila kujua nampa nini.

Mzee, sasa unaenda Elburgon kwa ng'ombe wako na kwa mkeo, Mama Cheruto, aliyetuazima wewe Jumamosi zote hizo. Tunashukuru kwa kila uliyemrudisha nyumbani mzima bila yeye kujua kwamba kulikuwa na shida. Uishi miaka mingi, ulale usingizi mzito, na viazi vyako visione baridi.

Jambo moja la mwisho. Mimi na Hiram hatukuwahi kumwambia mama yetu habari za siku ile. Alijua tu kwamba gari lilihamishwa. Leo ameketi safu ya tatu, amevaa kitambaa cha kijani, na nimempa nakala ya kwanza ya programu hii. Kwa hivyo, Mzee, ukiona mama anainuka kabla maombi hayajaisha na kuja kwako mikono mitupu ya kukukumbatia, usishtuke. Anaitwa Wangare, na amemaliza kusoma sasa hivi.