Kaa, Pamefagiliwa: Maisha ya Ladina Caduff

Marehemu Ladina Caduff alizaliwa tarehe 9 Februari 1964 kijijini Valdrun, milima ya Graubünden, mtoto pekee wa mzee Gion, msimamizi wa lifti ya viti iliyowapandisha watelezaji theluji mlimani, na mama Mengia, aliyetangulia mbele ya haki. Bonde zima lilijua desturi ya mzee, kwamba hakuna aliyekaa kitini kabla yeye hajaondoa theluji kwa ufagio wake wa fito, akisema, "Kaa, mama, pamefagiliwa."

Ladina alianza shule hapa Valdrun mwaka 1971, akasoma sekondari Ilanz, kisha uchongaji Zurich hadi 1988, akarudi kufanya kazi ya kuchomelea vyuma Chur. Tarehe 15 Juni 1991 alifunga ndoa na Reto Bundi, wakajaliwa binti, Seraina.

Mwaka 2011 theluji ilipokuwa haba na lifti ikafungwa, Ladina aliomba apewe viti visije vikayeyushwa kama vyuma chakavu, akavining'iniza kwenye gurudumu kuu la lifti, akalisimamisha malishoni nyuma ya nyumba ya wazazi, kijito kikawa kinalizungusha polepole. Watu walikuja kutoka mbali kulitazama, lakini mzee alisema, "Lifti isiyopanda popote ni bembea tu, binti yangu," akafunga pazia la dirisha la upande ule, nalo likabaki limefungwa miaka miwili. Sifa zote za wageni hazikumtosha Ladina, maana alimngoja mtu mmoja.

Tarehe 3 Agosti 2013, jua likiwaka, mzee alitokea malishoni na ufagio, akasimama vinapopita viti, akakifagia kila kimoja, ingawa hapakuwa na theluji wala vumbi, kisha akamgeukia binti yake, akamwambia, "Kaa basi, au unangoja tiketi?" Ladina akakaa, akazungushwa huku akicheka na kulia, hadi ng'ombe waliporudi kukamuliwa.

Aligundulika kuwa na saratani ya mapafu Machi 2021, akatibiwa Chur, akafariki nyumbani kwa wazazi tarehe 17 Januari 2023, kitanda chake kikitazama malishoni, pazia likiwa wazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea supu ya shayiri, na mafundi wenzake wa karakana.

Asubuhi hii theluji ilianguka juu ya jeneza pale uani, wabebaji wakainama kulinyanyua, mzee Gion akawaomba wangoje, akaingia ndani, akatoka na ufagio.

Pamefagiliwa, Ladina. Pumzika kwa amani.